Watu Niliowaweka Getini

Mwanangu Fotunata,

Za hujambo sijambo tulishamalizana asubuhi uliponiletea uji, kwa hiyo naziruka. Nakuandikia hapahapa ghalani, kwenye meza ya kuchambulia tumbaku, na wewe uko kwa Saidi fundi unajaribu sketi zako za chuo. Najua utakavyosema: baba naye, anamwandikia barua mtu aliye nyuma ya ukuta! Sema tu. Kuna neno nimelibeba miaka miwili, na kila nikitaka kulitoa kwa mdomo linageuka linakuwa habari za mvua.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Njombe linaondoka. Mambo ya soksi, sabuni na kutolala na nywele mbichi, kina mama wa kwaya wamekujaza nayo mpaka masikioni. Mimi sina la kuongeza, na kusema kweli hata hilo la soksi silijui. Ninachotaka ni kukueleza habari za mchezo wetu na watu niliowatunga, halafu nikueleze habari za mtu mmoja niliyemtunga nje ya mchezo. Huyo ndiye barua yenyewe. Ukiona nazungukazunguka, nivumilie, baba yako anajikaza.

Ulikuwa darasa la sita soko huria lilipotufikia. Kabla ya hapo ghala hili lilikuwa linajaa marobota mpaka darini. Wakulima wa Lusewa na vijiji vya huko Namtumbo walipanga foleni na tumbaku yao hapo nje, na mimi na peni yangu sikioni nilikuwa mtu. Bwana Stoo huyu, Bwana Stoo yule, hata wazee walionizidi umri wananiwahi kwa salamu. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wananunua hukohuko shambani, na ushirika wetu ukanyamaza. Wenzangu wakapunguzwa. Wakapewa barua zao, wakanung'unika, wakaenda zao: mmoja anafuga nguruwe Peramiho, mwingine ana kiduka chake sokoni na kitambi juu. Mimi sikupewa barua. Niliambiwa, "Wewe shika funguo mpaka utakapojulishwa."

Huu ni mwaka wa nane, Fotu, sijajulishwa. Aliyeniambia hivyo mwenyewe hayuko kazini. Ningeziacha funguo mezani nikaondoka, nani angenishtaki? Hakuna. Lakini kila asubuhi nikavaa shati, nikafungua kufuli, nikakaa ndani ya ghala tupu linalonuka tumbaku ya zamani, na jioni nikafunga, utafikiri kuna mtu atakuja kuiba hewa. Mama yako alikuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma. Mlango wangu ulikuwa mkubwa kuliko milango yote ya mtaani na sikuwa na pa kwenda.

Ndipo tukalifungua lile sanduku. Unamkumbuka yule kijana wa kizungu aliyekuwa anajitolea kufundisha hisabati sekondari? Alipomaliza muda wake aliniomba nimhifadhie sanduku, akaenda kwao, hakurudi. Panya walipoanza kulitafuna tukalifungua, na wewe ndiye uliyeingiza mkono wa kwanza. Dadu! Lakini dadu gani zile, nyingine za nyuso nane, nyingine kumi na mbili, moja ya nyuso ishirini, uliiweka kwenye kiganja ukasema hii imekosewa. Na vitabu vya Kiingereza vyenye picha za watu wenye mapanga. Nilikaa na kamusi wiki tatu. Nilipoelewa nikacheka peke yangu humu ndani mpaka Saidi akaja kuuliza kulikoni.

Nikamwambia, huu mchezo hauna ubao wala mshindi. Mnakaa mezani mnasimulia safari. Kila mchezaji ana mtu wake mmoja anayemwongoza. Ila mmoja wenu hana mtu wake. Yeye ndiye watu wote waliobaki. Mwenye duka ni yeye, mke wa mwenye duka ni yeye, askari, padri, mwizi, hata mbuzi ikibidi. Dadu inaamua kama jambo litawezekana. Huyo msimulizi anaamua watu wa njiani wanataka nini. Saidi akaniangalia akasema, "Yaani wewe unakuwa dunia nzima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, Bwana Stoo, maana hapa mtaani hata nusu huna." Tukacheka wote. Yeye mwenyewe cherehani ilikuwa imelala tangu mitumba ilipojaa. Nani atashonesha suruali wakati zimemwagwa chini sokoni anachagua? Mapanga na majumba ya mawe tukayaacha sandukuni, tukaweka barabara zetu. Wewe ukawa mwuza chumvi asiyeogopa mtu. Saidi akawa mwindaji kutoka kwao Tunduru, mwenye gobore lisilolia hata siku moja.

Watu wangu wa kwanza walikuwa vinyago vitupu. Mwenye duka wangu ukimwuliza bei ya chumvi anajibu, ukimwuliza za nyumbani anaduwaa, kwa sababu nyumba yake sikuwa nimeitunga. Ukaniuliza, na miaka yako kumi na miwili, "Baba, huyu mzee tusipokuja dukani anafanya nini?"

Nikasema, "Anawangoja."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Maskini," ukasema, na Saidi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa futi yake ya kamba. Mimi nilikasirika. Nikakutuma maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Lakini lile swali lilinikaa. Nikachukua daftari la mapokezi ya tumbaku, kurasa zake nyingi zilikuwa tupu, nikaanza kuandika watu. Kila mmoja nikamwandikia anachotaka, na anachoficha, halafu nikamwongezea kitu kimoja kisichowahusu wasafiri hata kidogo. Hicho cha mwisho ndicho kilichonipa ufundi. Mvushaji wa mtumbwi mtoni Ruvuma anaimba kwaya na sauti ya juu inamshinda. Mama mwuza pombe ya komoni hawezi kuvumilia harufu ya komoni. Askari ana kipande cha mkate ndani ya kofia. Ukishampa mtu kitu kama hicho, anaanza kujibu mwenyewe, wewe unamfuata tu. Na mliwaamini, jamani! Siku moja ulikuwa unafagia, ukauliza bila kuinua kichwa, "Hivi yule mtoto wa mvushaji amepona?" Nikajibu, "Anaendelea vizuri," bila aibu yoyote.

Najisifu, naona. Haya, nimejisifu. Lakini shika hili kwa ajili ya kazi unayokwenda kujifunza. Mtu utakayemkuta kitandani alikuwa anafanya jambo kabla hujafika na sindano yako. Aliacha mahindi juani, au aligombana na mtu hajapatana naye. Hakuumbwa akungoje wewe na gauni lako jeupe. Mimi nilichelewa kulijua hilo kwa watu wa kutunga, na kwa watu wa kweli nilichelewa zaidi.

Kosa langu wewe ndiye uliyeliona wa kwanza. Ulikuwa kidato cha pili. Uliweka peni chini ukasema, "Baba, watu wako wote wanatuzuia."

"Wanawazuia vipi?"

Ukaanza kuhesabu kwa vidole. Mvushaji, mtumbwi wake umetoboka. Bibi wa darajani, anataka akatiwe kuni kwanza. Mganga, anasema siku hii si ya safari. Na yule mlinzi wa geti kwenye barabara ya Njombe, ambaye Saidi alimbatiza Bwana Geti, yeye ndiyo usiseme. Miaka mitatu mwuza chumvi wako hajalivuka lile geti! Saidi akadakia, "Wallahi kweli, Bwana Stoo. Kobe angekuwa ameshafika Njombe na kurudi." Nikasema lawama mpelekeeni dadu. Dadu! Na mimi ndiye niliyekuwa nasema inahitajika kumi na tisa kwenda juu.

Siku hiyo hukutupa dadu. Ulishusha mzigo wako wa chumvi ukamwamkia Bwana Geti shikamoo, ukamwuliza, "Na wewe mzee, unataka nini?"

Nikafungua daftari. Kwenye anachoficha nilikuwa nimeandika: aliyemweka hapa hayupo tena. Kwenye anachotaka palikuwa patupu. Mwalimu mzima wa kutunga watu, huyo nilikuwa nimemruka. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, kwa sauti ya Bwana Geti, "Nataka mtu wa kuongea naye."

Saidi akainamia futi yake. Wewe ukasema, "Basi leo hatupiti. Tunakaa na wewe," na mchana kutwa mwuza chumvi wako akakaa pale getini akimpikia yule mzee kande na kumsimulia habari za mjini. Mimi nikainuka nikaenda nyuma ya mizani nikijifanya natafuta peni. Nililia, Fotu. Na katika kulia huko nikajua jambo: huyu mtoto wangu, mtu akimwonyesha kwamba anamhitaji, hataondoka. Baba mwenye akili angeogopa kujua hivyo juu ya mwanawe. Mimi nililiweka mfukoni.

Sasa nafika.

Ulipofaulu kidato cha nne ukachaguliwa uuguzi kulekule Njombe, barua ya chuo ilisema bweni hakuna, kila mwanafunzi awe na ndugu wa kukaa naye mjini. Tukasema pamoja, Skola! Dada yangu pekee, mwuza viazi, nyumba yake ndogo lakini safi. Wewe una jina la mama yetu, ndiyo maana Skola hajawahi kukuita Fotunata hata siku moja. Tangu ukiwa kwenye nepi alikuita mama. "Mama ameshiba? Mama mbona amenuna leo?" Alikuwa anakuamkia shikamoo kwa utani na wewe unaitikia marahaba kwa sauti nzito, watu wanavunjika mbavu. Ukamwandikia kuomba nafasi. Jibu lake likaja kwa mkono wa dereva wa lori, nikalipokea mimi, hapa mlangoni.

Lilikuwa ukurasa mmoja. "Mama aje hata kesho. Chumba nimeshakisafisha." Nikalisoma nimesimama. Halafu nikaingia ndani nikaurudisha mlango.

Ile barua hukuiona, Fotunata. Uliyoiona wewe niliiandika mimi.

Ilinichukua siku nzima. Usidhani nilifanya kwa hasira au kwa ulevi; nilikuwa mzima, nilikunywa chai. Mkono wa Skola naujua tangu tukiwa shule ya msingi, anavyoikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, asivyojali nukta. Nikajiuliza maswali yangu yaleyale ya daftarini. Huyu anataka nini? Anataka utulivu, kifua kinamsumbua kwa baridi ya Njombe. Anaficha nini? Anaona haya kukataa. Na kile kitu kisichohusu? Nikampa kuku. Kuku mweupe anayelalia mayai jikoni, hata moto anauwasha nje ili asimsumbue. Skola hafugi kuku. Nilimpenda yule kuku, Mungu anisamehe, niliandika huku natabasamu. Mwisho nikaandika, "Mwambie mama asinielewe vibaya ila kwangu asije." Hilo neno mama nililiweka makusudi. Bila hilo ungeshtuka, ungesema huyu si shangazi.

Ulisoma hapa mezani. Mimi nilikuwa tayari na maneno ya kukubembeleza, nilikuwa nimeyapanga. Hukulia. Uliikunja barua ukasema, "Sawa, baba. Kuku wake aangue salama." Ukaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo jina la Skola hukulitamka tena, ukawa unasema yule wa Njombe.

Na yeye nikamtumia ujumbe kwamba umeghairi. Ujumbe wenyewe ukachelewa kumfika. Nitakwambia ulichelewa kiasi gani.

Ukabaki. Ukaenda kwa Saidi kushona vifungo na kupunguza suruali za mitumba, na jioni unaniletea chakula, unakaa hapo mbele yangu. Nilikuwa nimepata nilichotaka, mtu wa kuongea naye, na sikuweza kuongea! Kila neno lilikuwa linakaribia ile barua. Nikiuliza habari za kesho, ni barua. Nikiuliza habari za rafiki zako waliokwenda vyuoni, ni barua. Basi tukabaki na mvua. Mvua imechelewa, mvua imezidi. Funguo za ghala niliweza kuzining'iniza ukutani nikapumzika. Ile siri sikuwa na pa kuining'iniza. Nilijifungia na wewe ndani, na wewe hukujua kwamba mlango umefungwa.

Saidi alijua. Ulimwonyesha barua akusaidie kuelewa shangazi amekasirishwa na nini, sivyo? Kesho yake alikuja hapa, hakukaa.

"Bwana Stoo, yule kuku nimemjua."

"Kuku gani?"

"Usinifanye mtoto. Yule kuku ni ndugu yake na mkate wa kwenye kofia ya askari. Miaka yote nimekaa meza hii, mkono wako siujui?"

Nikaanza kufutafuta meza. Akasema, "Mimi sitasema, si nyumba yangu. Lakini mwambie mtoto. Na mpaka umwambie, mezani kwako sikai." Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyokufa. Mimi nilikudanganya kwamba Saidi anaumwa mgongo, ukawa unamkandakanda na maji ya moto, naye akakubali kukandwa na mgongo wake mzima, akininyamazia. Nina deni la heshima kwa mtu yule.

Halafu ukaja msiba wa bibi, mwaka jana, kule Lusewa. Hapa ndipo roho yangu inaponisuta kuliko pote. Skola alifika vumbi tupu, hajalala siku mbili. Akakuona unatoka kisimani. Akakufungulia mikono, akasema, "Mama yangu nimebakiwa na mmoja sasa." Na wewe ukampita. Ukampita na ndoo yako kichwani, bila shikamoo, bila pole, msibani, mbele ya wanawake wote. Nikamsikia mzee mmoja anauliza huyu mtoto wa nani asiye na adabu. Wa kwangu! Ningepaswa kusema, wa kwangu, na adabu anayo, asiyekuwa nayo ni mimi. Nilikuwa napasua kuni. Nikaendelea kupasua.

Jioni Skola akanifuata pale kwenye kuni. "Kaka, nimemkosea nini mama?"

"Utoto tu," nikasema. "Yataisha."

Ndipo akaniambia. Siku uliyotakiwa kufika Njombe alikwenda stendi na godoro la sponji alilokununulia, hakutaka kuliacha nyumbani akaona afadhali mlibebe wote mkicheka. Basi likaja, haupo. Akadhani limekuacha Songea. Kesho yake akaenda tena na godoro lake. Watu wakawa wanamwuliza anauza kiasi gani. Siku mbili, Fotunata, amesimama pale na godoro, ndipo ujumbe wangu ukamfika. Ananisimulia hivyo akijaribu kucheka. Mimi nikashika shoka nikapasua gogo jingine. Aliondoka asubuhi kabla ya matanga kwisha, na watu wakakusema wewe. Walikusema mwaka mzima, na aibu ile ilikuwa yangu, nikakuachia uibebe.

Sasa umechaguliwa tena, na bweni wamejenga. Ulivyofurahi! Ukaruka hapa ghalani ukasema, "Safi kabisa, sitakanyaga kwa yule wa Njombe." Na mimi, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, basi nimepona. Watakaa mji mmoja, hawatasalimiana, siri yangu itakufa na mimi. Niliwaza hivyo kabisa, kwa akili zangu timamu, siku tatu nzima.

Juma lililopita ikaja barua ya Skola. Nimeikunja humuhumu ndani uisome kwa macho yako, mkono ni wake kweli, karatasi imetoboka. Anasema: "Nasikia mama anakuja. Asipotaka kunisalimia asinisalimie nimeshazoea. Nauza viazi palepale karibu na stendi akipita nitamwona inatosha. Godoro lipo sijalilalia. Nawe kaka nimekuuliza mara ngapi nilimkosea nini hutaki kuniambia." Utaikuta pia ile ya kwanza, ya chumba kilichosafishwa. Niliificha chini ya mawe ya mizani miaka yote miwili. Kuichoma nilishindwa, kukupa nilishindwa.

Kwa Skola nimeshaandika. Dereva ameondoka nayo leo asubuhi, kwa hiyo hata nikitaka kugeuka sasa hivi njia sina. Mpaka kesho utakaposhuka pale, atakuwa anajua.

Sikuombi unisamehe. Naomba usinihurumie, maana nakujua. Utanionea huruma, utasema kesho siondoki, tuongee kwanza, nitaenda juma lijalo. Nakuomba usifanye hivyo. Nilikuzuia mara moja kwa uongo, sitaki nikuzuie mara ya pili kwa ukweli. Nenda. Kanune kulekule, unikasirikie ukiwa Njombe, uniandikie matusi ukiwa na muda. Mimi nitayasoma yote. Na siku mkubwa wa kazi akikwambia simama hapo mpaka utakapojulishwa, mwulize na nani, na lini. Ukiona anaumauma maneno, chukua mkoba wako.

Mimi sijui nitafanya nini na hizi funguo. Ningependa kukuandikia kwamba kesho nazitupa, ungefurahi. Lakini nimeshaandika uongo wa kutosha. Kesho pengine nitafungua kufuli kama kawaida, nitakaa. Itakuwa mbaya sana, Fotu. Nasema wazi ili usije kufikiri kwamba sikuhuzunika. Niliogopa kubaki peke yangu humu mpaka nikamwibia dada yangu sauti yake, na bado nitabaki peke yangu, na hilo nimelistahili.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuichomeka barua hii chini ya sketi zako ndani ya begi, uikute ukiwa umeshapita Madaba, mahali ambapo huwezi kurudi kunifokea. Ndiyo tabia yangu, umeshaijua. Nimeughairi. Nitakupa sasa hivi, mkononi, na nitakaa mbele yako mpaka umalize, useme utakalosema. Sikukupangia la kusema.

Nasikia unacheka huko kwa Saidi, bila shaka sketi imekupwaya. Nitatoka mlangoni nikuite, nawe utaitika "Abee, baba," kama ulivyoitika tangu ulimi wako ulipokunjuka. Nitaisikiliza vizuri hiyo, kwa sababu ukishasoma sijui utaniitikaje.

Baba yako.